Je, sharti la miezi 6 bila pombe linamtendea haki mgonjwa wa ini?

Mchangiaji aliyetangulia anashikilia kwamba mtu aliyeharibu ini lake kwa pombe asipandikiziwe jingine mpaka akae miezi 6 bila kunywa, kwa kuwa maini ya kupandikiza ni machache na haifai kumpa mtu atakayeliharibu tena. Hofu yake naielewa, ila sharti lenyewe silikubali.

Tunaowazungumzia hapa ni wale waliopata uvimbe mkali wa ini utokanao na pombe: macho yamegeuka manjano, tumbo limejaa maji, damu haigandi ipasavyo. Hupewa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe huo, na siku ya 7 madaktari hupima iwapo ini limeitikia dawa. Wasioitikia wengi wao hufa, tena vifo vingi hutokea ndani ya miezi 2. Mgonjwa wa namna hiyo akiambiwa asubiri miezi 6, amekwisha kunyimwa, ingawa hakuna aliyelitamka neno hilo.

Mwaka 2011 madaktari wa Ufaransa na Ubelgiji walichapisha matokeo ya wagonjwa 26 waliopandikizwa bila kusubiri. Miezi 6 baadaye asilimia 77 walikuwa hai, ilhali miongoni mwa wagonjwa waliofanana nao ambao hawakupandikizwa walibaki asilimia 23. Watatu walirudia pombe, na wa kwanza wao aliirudia baada ya takriban miaka 2. Sasa hiyo miezi 6 ingetufunulia nini juu yao?

Sitaficha kwamba wagonjwa hao walichujwa mno, maana hawakufika hata asilimia 2 ya waliolazwa kwa ugonjwa huo. Tena utafiti wa nchi hizohizo uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kuwa unywaji wa kupindukia ulikuwa mwingi zaidi kwa waliopandikizwa mapema kuliko kwa waliotimiza muda wa kusubiri, japo kwa miaka 2 makundi yote mawili yaliishi takriban sawa.

Kwangu hiyo ni hoja ya kutibu uraibu tangu mgonjwa angali kitandani na kuendelea naye miaka kadhaa baada ya upasuaji. Uamuzi na utolewe na jopo lenye mtaalamu wa uraibu, lililokutana na mgonjwa na jamaa zake. Hata wale walio wengi ambao hawatapandikizwa kamwe wanahitaji matibabu hayo, kwa sababu anayevuka miezi ya mwanzo, kuishi kwake baadaye kunategemea zaidi kuacha pombe kuliko dawa yoyote tuliyo nayo.