Gemu ya vita ya PSP yenye kikosi, bajeti ndogo, nichukue ipi?

Mwanga_Juu
Wakuu habari za jioni, nipo Kigoma hapa Mwanga, mwezi uliopita nilinunua PSP, ile mashine ya gemu ya mkononi, kwa mtu, nyeusi, kioo hakina mkwaruzo na chaji inakaa, ila ilikuja na diski moja tu ya mpira na tumeshaicheza mpaka basi. Sasa nataka ya vita. Sio ile unakimbia peke yako unamaliza jeshi zima, nataka ile una wenzako, unawaambia nyie kaeni hapa piga risasi wasinyanyue kichwa, sisi tunazunguka kwa nyuma, yaani kikosi kweli kweli. Shida hela, nimetenga elfu thelathini na humo humo kuna pesa ya kusafirisha kutoka Dar maana huku dukani diski zake sijaona hata moja. Nikikosea ndio basi tena mpaka mwezi wa tisa. Jamaa mmoja ananiambia chukua Call of Duty ndio baba lao, mwingine Brothers in Arms. Mdogo wangu naye ana PSP yake, tukipata ya kucheza wawili ndio raha. Nishaurini.

mtoto_wa_Isevya
Mkuu nipo Tabora, hilo swali nimelipitia mwenyewe kwa hiyo nisikilize kabla hujatuma hela. Angalia PSP yako, kijiti cha kuchezea kiko kimoja tu, kushoto. Gemu za kulenga kwenye pleisteshen kubwa zinatumia vijiti viwili, kimoja unatembea kingine unageuza macho, huku cha pili hakuna, unageuza kwa vitufe vinne vya kulia, pembetatu, duara, mraba na X. Call of Duty Roads to Victory ya 2007 iko hivyo, na kulenga kwa vitufe ni kazi, unajua kabisa adui yuko wapi ila mkono haufiki kwa wakati unakufa wewe. Na wenzako wapo wanakimbia pembeni lakini huwaamuru chochote, wanaenda wanavyojua. Kwa unachotaka wewe hiyo sio.

Ndio maana mimi nasema kwenye kimashine hiki gemu inayokutaka utumie akili ya kuwapanga watu ni tamu kuliko inayokutaka uwe fundi wa shabaha. Brothers in Arms D-Day ya 2006 imejengwa kwenye hilo. Kundi moja linapiga risasi kumbana adui, juu ya kichwa chake kuna duara jekundu, kadiri anavyobanwa linageuka kijivu, likishakuwa kijivu huyo hathubutu kuinuka, hapo ndio unazunguka ubavuni unammaliza kwa karibu, hata shabaha yako ikiwa mbovu unampata. Mara ya kwanza nilikuwa nakimbilia mbele nakufa, nakufa, nilipoanza kusubiri lile duara nikaielewa gemu yote kwa usiku mmoja. Na ya kucheza wawili ipo humo, mimi na jirani yangu tulikaa kwenye mkeka kila mtu na diski yake.

Nyingine ni SOCOM Tactical Strike, 2007 pia. Hapo una askari wanne, unawagawa wawili wawili, hawa unawatuma mlangoni, wale dirishani, ukiwa tayari wote wanaingia pamoja. Ni ya taratibu sana, inataka subira. Usichanganye na SOCOM Fireteam Bravo, ile ya 2005 nayo nzuri ila mko wawili tu, wewe na mwenzako.

gemu_tu
Mnahangaika na diski za nini, si aweke PPSSPP kwenye simu, ile programu ya kuchezea gemu za PSP, ni bure.

Mwanga_Juu
Mkuu simu yangu ndio nafanyia miamala kutwa nzima, siwezi kuimaliza chaji kwenye gemu halafu mteja anakuja kutoa hela simu imezima. Na vile vitufe vya kwenye kioo kidole chako chenyewe kinakuzibia adui. Nataka PSP.

dada_wa_Kibirizi
Kaka kabla ya yote hakikisha PSP yako ni ya aina gani, maana kuna moja ilitoka 2011 inaitwa E1000, nyeusi isiyong'aa, ile haina Wi-Fi kabisa. Kucheza wawili mnaunganisha kwa Wi-Fi PSP kwa PSP, intaneti haihitajiki, lakini mmoja akiwa na E1000 ndio imekufa hapo. Angalia kama kuna swichi ya WLAN, ya kuwashia hiyo Wi-Fi, matoleo ya kwanza iko ubavuni kushoto, matoleo ya PSP-2000 na PSP-3000 iko juu. Na sikiliza sauti, E1000 spika ni moja. Mimi niliuziwa hivyo na mtu mmoja wa mjini akaniapia inaunganisha, nikamnunulia mwanangu diski ya wawili, tukakaa tunatafutana nusu saa, mtoto akalala amenuna, bado naumia nikikumbuka. Pia uwe na memori kadi, Memory Stick Duo, bila hiyo huwezi kusevu na kila umeme ukikata betri ikiisha unaanza mwanzo. Diski za gemu hazichagui nchi, ya Marekani au ya Ulaya zote zitasoma.

Nyasa_hadi_Tanganyika
Msisahau Medal of Honor Heroes ya 2006, ukiwa peke yako inakuwekea askari wa kompyuta unapambana nao kama vile upo na watu, hiyo haimaliziki haraka. Kuamuru kikosi hakuna ila kwa hela ndogo utakaa nayo muda mrefu.

Kinachoniuma mimi kwenye hizi za Vita vya Pili vya Dunia ni kwamba vita ni Ulaya tu. Hapa kwetu, Vita vya Kwanza, Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916, na meli ya Liemba tunayoiona bandarini Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka huo huo, Waingereza wakaiibua 1924 na ikarudi kazini 1927. Kikosi kinateremka kwenye reli kuelekea ziwani, wapagazi, mvua, hiyo ningeinunua hata kwa laki.

Mwanga_Juu
Asanteni sana wakuu. Dada umeniokoa, nimeigeuza geuza kwenye mwanga wa jua, swichi hakuna juu wala ubavuni, na sauti kweli inatokea sehemu moja. Ya mdogo wangu inayo. Kwa hiyo wawili hapana, nimemwambia dogo akanuna kidogo ila tumekubaliana kupokezana, mmoja anacheza mwingine anamwambia wapi pa kuzunguka.

Nimempigia jamaa Kariakoo, Tactical Strike hana, Brothers in Arms anayo moja, elfu kumi na nane na memori kadi ya 1 GB elfu saba. Itapanda basi Ijumaa.

mtoto_wa_Isevya
Safi. Mwambie akufungulie diski aone kasha lake la plastiki halijapasuka, na aijaribu kwenye mashine mbele yako kwa video. Ukikwama ile hatua ya mwanzo niandikie.