Naombeni ushauri: kijana wangu anatakiwa na chuo kama mrudisha mpira, sio risiva. Akubali?

Baba_Columbus aliandika:

Wakuu habari za jumapili, hili jambo limenikaa kichwani nikaona bora nililete hapa maana humu kuna watu mko Marekani miaka mingi na wengine watoto wenu wamepita njia hii hii. Sisi tuko Columbus, Ohio, mimi mtu wa Mwanza nimekulia kwenye soka, hii futiboli ya kwao nimeijulia kwa mwanangu. Kijana ana miaka 17, yuko mwaka wa mwisho hai skuli, anacheza risiva yaani yule anayetoka mbio kwenda mbele kudaka pasi. Mfupi kiasi ila mbio anazo kwelikweli. Tatizo timu yao ni ya kubeba mpira na kusukumana tu, pasi hazimfikii, kwa hiyo alichoonekana nacho ni kurudisha mipira, wapinzani wakipiga teke yeye ndio anasimama kule nyuma peke yake, anadaka halafu anaanza kuja nao.

Sasa kuna chuo cha Division II (daraja la pili la michezo ya vyuo) kimeleta ofa ya skolashipu, sio yote, sehemu ya ada. Kocha wao amesema wazi tunamtaka kwa kurudisha mpira, urisiva ataugombania akishafika. Kijana hataki. Anasema hiyo ni kazi ya mtu aliyekosa namba, yeye bora aende junior college miaka miwili ajijenge kama risiva. Mama yake naye hataki kwa sababu nyingine, anasema pale ndipo wanapogongana vibaya kuliko sehemu yoyote. Mimi niko katikati yao kila jioni. Naomba kuuliza kwa mnaojua, hii kazi ya kurudisha mpira mtu anaweza kujenga nayo maisha au tunazugwa?

Mpemba_Dallas:

Kaka chukua skolashipu. Ada ya chuo huku unaijua mwenyewe, hata sehemu yake ni hela nyingi sana. Wanaotoka vyuoni wakaingia NFL, ile ligi kuu ya kulipwa, ni chini ya asilimia 2, kwa hiyo swali la kwanza ni anasoma nini, namba uwanjani ije baadaye.

Shabiki_wa_Bears:

Mkuu Baba Columbus, mimi naishi Chicago tangu enzi hizo na hili swali lako limenigusa kwa sababu jibu lake nimeliangalia likitokea kwa macho yangu. Mwambie kijana amfuatilie Devin Hester, mrudisha mpira wa zamani wa timu yetu ya Bears, amfuatilie kazi yote mwanzo mwisho, asiishie kwenye zile video fupi.

Huyu jamaa ametoka Riviera Beach, Florida, akasoma University of Miami, na pale Miami walimzungusha kila sehemu, mara mbele mara beki, hakupata namba ya kudumu. Yaani ndio huyo huyo "mtu aliyekosa namba" anayemsema kijana wako. Bears wakamchukua drafti ya 2006 (pale timu zinapochagua wachezaji wa vyuoni kwa zamu) raundi ya pili, mchezaji wa 57, kama beki wa pembeni. Watu hapa mjini walilalamika sana, raundi ya pili unampa mtu wa kurudisha mipira? Mechi yake ya kwanza kabisa, dhidi ya Green Bay, akarudisha panti (teke la kuwaachia wapinzani mpira) yadi 84 mpaka tachidauni, yaani akafunga kwa kuvuka mstari wa mwisho. Malalamiko yakapungua lol.

Halafu kuna ile ya mwezi wa 11 mwaka huo huo dhidi ya Giants, hii kijana aitazame taratibu. Giants wamepiga fildi goli ya mbali (teke la kulenga milingoti), mpira umekuwa mfupi, Hester kasimama ndani kabisa ya endi zoni, lile eneo la mwisho la kufungia, ameudaka. Akadaka akatembea hatua mbili tatu kama mtu ambaye mchezo umeisha, wapinzani wakalegea, ghafla huyooo, yadi 108. Zile hatua mbili tatu ndio kipaji chenyewe. Mbio wanazo wengi, kujua lini usikimbie ndio wachache.

Februari 4, 2007, Super Bowl yaani fainali ya ligi, Miami, mvua inanyesha, wapinzani wetu Colts wakapiga mpira wa kuanzia wakamlenga yeye. Sekunde 14 tu mchezo umeanza, yadi 92, tachidauni. Mechi tulipoteza 29-17 na bado inaniuma, lakini angalieni Colts walifanya nini baada ya pale, wakaanza kupiga mipira ya chini chini inayodunda ili isimfikie. Timu nyingi zilifanya hivyo, wanapiga nje makusudi, Bears wanaanzia karibu bila yeye kugusa chochote. Hiyo haiandikwi kwenye takwimu zake lakini ni yadi.

Sasa sehemu inayomhusu kijana wako. 2007 wakamhamishia urisiva, 2008 wakampa mkataba mnono, wakataka awe risiva mkubwa wa timu. 2009 alidaka pasi 57 za yadi 757, sio mbaya, lakini misimu yote miwili 2008 na 2009 hakufunga hata moja kwa kurudisha. Mimi nasema walimchosha, mtu huwezi kukimbia ruti (zile njia za risiva kwenda kudaka pasi) mechi nzima halafu miguu ikawa ile ile panti ikija. 2010 walipompunguzia mzigo akafunga 3, 2011 tena 3. Amemaliza na 14 za panti, 5 za mpira wa kuanzia na ile moja ya Giants, jumla 20, aliyekuwa juu yake alikuwa Deion Sanders mwenye 19 (zake zikiwemo za kunyakua pasi za wapinzani) na akampita 2014 akiwa Atlanta. Agosti 2024 wamemuingiza Hall of Fame, jumba la magwiji wa mchezo, huko huko Ohio kwenu, Canton, wa kwanza kuingia kwa kazi hiyo hasa ya kurudisha. Kwa hiyo kumwambia mtu hiyo sio kazi ya maana hapana kwa kweli. Aende chuo wanakomtaka kwa kile anachokiweza.

Mama_Nuru:

Baba Columbus mimi nasimama na mkeo ila sio kwa kukataa moja kwa moja. Nafanya kazi hospitali, vijana wa mtikisiko wa ubongo nawaona kila msimu. Mpira wa kuanzia ndio hatari zaidi kwa sababu watu wanatoka mbali pande zote mbili wakiwa kwenye mbio kamili, na NFL wenyewe wameliona hilo, 2011 walisogeza mpira mbele ili mingi ipitilize isirudishwe, na 2024 wakabadilisha kabisa, sasa timu mbili zinapangwa karibu karibu na hawaruhusiwi kutoka mpaka mpira udakwe au uguse chini. Kwenye vyuo mrudishaji anaweza kunyoosha mkono akadaka bila kukimbia na timu yake ikaanzia yadi ya 25. Kwa hiyo muulizeni kocha kijana atarudisha zipi, panti au za kuanzia au zote, na akipata mtikisiko nani anaamua arudi uwanjani, kocha au daktari. Jibu la hilo swali la pili litakwambia mengi kuhusu hicho chuo.

Shabiki_wa_Bears:

Mama Nuru hapo umesema kweli tupu, sheria ya 2011 ilimpunguzia Hester nafasi nyingi za mpira wa kuanzia.

Mzee_wa_Ruti:

Shabiki nakubaliana na historia yako sikubaliani na hitimisho. Hester ni mmoja. Ligi nzima kila timu ina wachezaji 53, hakuna kocha atakayempa mtu kiti kwa kurudisha tu, labda awe kama yeye, na hata yeye miaka ya mwisho Atlanta wakamuacha, Baltimore wakamuacha, akastaafu 2017. Kijana asiuache urisiva hata kidogo. Mfano mzuri kwake ni Steve Smith wa Carolina, futi 5 na inchi 9 tu, alianzia junior college pale Santa Monica (kwa hiyo wazo la kijana sio la kipuuzi) akaingia ligi 2001 kama mrudishaji, mwaka huo huo akaitwa Pro Bowl (mechi ya nyota wa ligi) kwa kurudisha, 2005 akaongoza ligi nzima kwa pasi na kwa yadi. Antonio Brown kachukuliwa raundi ya 6, kaingilia mlango huo huo. Na Julian Edelman ametokea Kent State hapo hapo Ohio, alikuwa kwotabeki yaani mrusha pasi, Patriots wakamchukua raundi ya 7 mwaka 2009, akaanza kwa kurudisha panti akiwa anajifunza urisiva taratibu, mwisho wake akawa MVP, mchezaji bora, wa Super Bowl. Kurudisha kulimuweka kwenye timu mpaka alipoiva.

Wa_Strathmore:

Boss niongezee kitu, sisi Wakenya tulikuwa na Daniel Adongo, jamaa wa raga kutoka Strathmore, Colts walimsaini 2013 na hakuwa amewahi kucheza hii game hata siku moja maishani. Wakamuingiza kupitia timu za mipira ya mateke. Hakukaa sana lakini ameshuka uwanja wa NFL. Hiyo sehemu anayoidharau kijana ndio iliyomfungulia.

Baba_Columbus:

Nimesoma zote na mke wangu nimemsomea, ya Mama Nuru ameomba nirudie mara ya pili. Kijana nilimuonesha ile ya Giants, akairudisha nyuma akaitazama tena na tena, hakusema kitu ila alienda nje na mpira. Mzee wa Ruti kama utakuwa na nafasi, tukiongea na kocha tumuulize nini kingine?

Mzee_wa_Ruti:

Kwanza skolashipu ni ya mwaka mmoja mmoja au vipi, Division II mara nyingi inafanywa upya kila mwaka, akiumia itakuwaje, hilo mpate kwa maandishi. Pili kwenye mazoezi ya kila siku atakuwa na kundi la marisiva au atakaa pembeni na wapiga mateke? Akiambiwa pembeni mimi ningetafuta chuo kingine. Tatu marisiva wangapi wanamaliza masomo mwaka huu na mwakani, hapo utajua nafasi ipo au haipo.

Na kijana mwenyewe aanze panti sasa hivi asingoje chuo. Hai skuli wengi wanapiga fupi, chuoni mpira unapanda juu sana na ukishuka unabadilika hewani hasa ukipigwa na mguu wa kushoto, unageukia upande mwingine. Atafute mtu wa mguu wa kushoto ampigie. Na jioni jua likiwa chini, huku amelielekea.

Baba_Columbus:

Wa mguu wa kushoto yupo, golikipa wa timu yetu ya soka ya Waswahili hapa. Namtafuta leo.