Mliowahi kusimama kutetea mikoko, misitu au hewa ya kwenu: tupeane uzoefu

Wadau, salaam. Niko Mkinga, Tanga, kwenye kikundi cha kutunza mikoko. Tumeitwa kutoa maoni kuhusu kipande cha ufuo kinachotakiwa kufyekwa, na wengi wetu hatujawahi kushika maiki mbele ya wakubwa. Naomba kusikia kwa waliopita njia hii, iwe mikoko, msitu, umeme au usafiri. Mlisema nini mkasikilizwa? Kipi kiliwapotezea muda?

Mdau wa Lamu
Kwetu ilikuwa makaa ya mawe. Mtambo wa megawati 1,050 ulipangwa kujengwa Kwasasi, katika nchi ambayo sehemu kubwa ya umeme wake tayari inatoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa na upepo. Kesi ilifunguliwa 2016, na Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikafuta leseni. Sababu kubwa: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, jambo la kwanza ni karatasi. Ombeni ripoti ya tathmini ya mazingira kabla ya mkutano, kwa barua, na nakala yenu igongwe muhuri. Isomeni pamoja, anayejua Kiingereza awafasirie wenzake ukurasa kwa ukurasa. Andikeni nani alihudhuria, nani aliuliza nini, akajibiwa nini. La pili, mwacheni mvuvi aseme ya mvuvi. Akisimama mtu akasema "mazingira ni uhai", wanamwitikia kwa kichwa na kupita. Akisimama mzee akataja mkondo anaopitisha mashua, kaskazi anatega wapi na kusi anatega wapi, na maji ya moto ya mtambo yatamwagwa upande upi, hapo lazima mtu ajibu.

Mkinga (mwanzisha mada)
Shukrani sana. Wakikataa kutoa ripoti?

Mdau wa Lamu
Barua yenye muhuri ndiyo ushahidi kwamba mliomba. Itunzeni vizuri.

Kigogo, Dar
Mimi nazungumzia Bonde la Msimbazi. Mwendokasi ulipoanza 2016, Kimara hadi Kivukoni, tuliokuwa tunaning'inia kwenye daladala tulifurahi mno, na hadi leo nautetea kwa nguvu zote. Lakini mvua kubwa ikinyesha, maji yanajaa Jangwani, ndani ya bonde hilo, barabara inafungwa na safari zinakatishwa. Bonde ni njia ya maji. Ukilijaza kifusi na nyumba, maji yanatafuta pa kwenda, na yanapata barabarani.

Kwenye mikutano ya kupanga upya bonde tuliwapeleka wenye nyumba waonyeshe alama za maji kwenye kuta zao: hii ya mwaka ule, hii ya juzi. Wataalamu walikuja na ramani, sisi tukawapa kuta. Waliinama wakapima kwa futi, na mjadala ulibadilika siku hiyo hiyo. Kama mna jengo, mti au ngazi ya gati yenye alama za bahari kupanda, wapelekeni wakaone kwa macho.

Mama wa Kilosa
Kwangu ni msitu na mkaa. Serikali imeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mimi naliunga mkono. Ila kwenye vikao vya kina mama nimeona hotuba haitoshi. Mtu anaogopa bili. Nilichofanya ni kubeba jiko la presha la umeme hadi kikaoni, nikaweka maharage, tukasoma mita kabla na baada. Hayakufika yuniti moja. Aliyekuwa akibisha sana ndiye aliyeuliza linauzwa wapi. Bei yake ndiyo kikwazo kilichobaki, kwa hiyo sasa tunakopeshana kupitia vikoba.

Goma
Huku makala, yaani mkaa, mengi yanachomwa ndani ya Virunga, na walinzi wanauawa kwa ajili ya mbuga hiyo. Mtambo wa umeme wa maji wa Matebe ulipoanza 2015 niliona kitu: kijana mwenye umeme wa kuchomelea ana kazi ya kufanya, haingii msituni. Mkienda kukataa ukataji, nendeni pia na jibu la vijana watakula nini.

Gazi, Kwale
Jirani wa Mkinga, karibu utembelee. Sisi na kijiji cha Makongeni tunaendesha mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013, hekta 117 za mikoko. Tunauza hewa ya ukaa, yaani tunalipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko, na fedha zimeingia kwenye maji ya bomba na shule. Wanakijiji wanaamua kwenye baraza fedha ziende wapi. Hilo msilegeze, maana wakianza kuamua watu wachache, walinzi wa mikoko wanageuka wakataji.

Mkinga (mwanzisha mada)
Sisi miche yetu ya mikoko tuliyopanda mbele kabisa ilisombwa. Shida nini?

Gazi, Kwale
Mikoko ina aina nyingi. Mbele kabisa, panapopiga mawimbi, ni pa mlilana. Aina inayoitwa mkoko hasa inakaa nyuma yake kwenye tope laini, kisha mkandaa, na juu kule mchu. Tazameni kwanza mti upi ulikuwa umesimama pale, visiki vitawaambia. Mbegu ya mkoko chukueni iliyokomaa, inayodondoka yenyewe ukiigusa, mkaichomeke theluthi moja ndani ya tope. Pandeni bamvua likishapita, maji yanapokuwa mafu, ili ipate siku chache za kushika kabla bahari haijarudi kwa nguvu. Na siku ya mkutano wenu mtuambie, tutakuja.