Mrejesho: Vitabu vya kidijitali darasani bila intaneti, Kasulu

Niliuliza namna ya kusomesha kwa vitabu mtandao hapa Kasulu wakati intaneti inakatika kila mara. Ahsanteni sana walimu wenzangu, imewezekana.

Ushauri wa Kiwix, programu ya kusoma Wikipedia na tovuti nyingine bila intaneti, ndio uliofaa: kompyuta mpakato moja, ruta bila bando, wanafunzi wanaisoma Wikipedia ya Kiswahili kwa kuandika kwenye kivinjari anwani ya IP ya kompyuta hiyo ikifuatiwa na :8080. Vitabu vya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) tunavisoma mtandaoni usiku, mtandao ukitulia, na kuandaa maswali mapema.

Yaliyokwamisha ni mawili. Faili kubwa la ZIM (aina ya faili linalobeba maudhui ya Kiwix) lilikataa kuingia kwenye flashi ingawa nafasi ilikuwepo: flashi ilikuwa na mfumo wa faili wa FAT32, usiopokea faili moja linalofika GB 4. Hamisha vilivyomo, kisha iformati kwa exFAT. Pili, simu zikiona Wi-Fi haina intaneti hurudi kwenye data na ukurasa haufunguki. Zima data kwanza!

Jambo moja ningelisisitiza kwa kila mwalimu: kwenye EPUB (aina ya faili la kitabu cha kidijitali) taja sura na kichwa kidogo, usitaje ukurasa. Maandishi hujipanga upya kulingana na kioo, hivyo ukurasa wa 40 wa huyu si wa yule.