Mrejesho: projeksheni ya kaboni kwenye HSQC (spektra ya NMR ya 2D inayooanisha kila hidrojeni na kaboni iliyoungana nayo)

Wakuu, nilikuwa nimeuliza kwa nini projeksheni ya F1 (mhimili wa kaboni) kwenye TopSpin, programu ya kuchakata NMR, ina vilele vipana na CH2 (kaboni zenye hidrojeni mbili) hazionekani. Programu huikokotoa kutoka spektra ileile ya 2D, ambayo F1 yake ina pointi chache. Tena HSQC yangu ni ya kuhariri, yaani inatenganisha aina za kaboni kwa ishara: CH2 ni hasi, projeksheni chanya haizigusi. Ukizitaka, tumia amri ya f1projn, inayokokotoa projeksheni hasi.

Dawa hasa ni kuweka spektra ya 1D iliyopimwa kweli badala ya projeksheni. Bofya kulia kwenye ukanda wa projeksheni, chagua “External Projection”, jaza jina la data, EXPNO (namba ya jaribio) na PROCNO (namba ya uchakataji). Kwa F1 nimeweka DEPT-135, spektra ya 1D ya kaboni isiyoonyesha kaboni zisizo na hidrojeni. Hizo hazina doa (kilele cha 2D) kwenye HSQC, za nini kuzirundika? Vilele visipolingana na madoa, kagua kwanza SR (thamani ya kurekebisha rejea ya skeli ya ppm).