Naomba ushauri: mtoto ana hofu baada ya somo la historia ya Waaborijini

Habari zenu ndugu zangu, hasa wazazi mlioko Australia. Shule ya msingi ya binti yangu hapa Perth, ardhi ya Wanoongar (jamii mojawapo ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia), inajiandaa kwa Wiki ya Maridhiano kati ya wenyeji hao na Waaustralia wengine, 27 Mei hadi 3 Juni. Majira sita ya Wanoongar ameyapenda mno. Ila wamefundishwa pia kuhusu watoto wa Kiaborijini ambao serikali iliwachukua kutoka kwa wazazi wao, walioombwa radhi bungeni mwaka 2008. Sasa ananiuliza kama naye atachukuliwa. Mimi na mwalimu tumemtuliza, bado usiku anaogopa. Kumficha ukweli huu sitaki kabisa.

Ninyi mliwaelezaje wanenu? Na je, ni adabu kumwomba mzee wa Kinoongar anayekuja shuleni azungumze naye, au nipitie kwa mwalimu mkuu kwanza?