Mjadala: Iowa hawapigi pasi. Lawama ni za wapokeaji, za mrushaji au za Mzee, kocha mkuu?

Mkaazi wa Coralville

Wadau, salaam. Najua wengi humu ni Simba na Yanga, na huu mpira wa Kimarekani wa kubebwa mkononi mnauona kama ugomvi wa watu waliovaa magodoro. Ila sisi tulioko Iowa City na Coralville, ambako siku hizi ukipanda basi unakutana na Kiswahili cha Uvira na Bukavu, hatuna pa kujificha. Jumamosi ya mechi mji wote unavaa nyeusi na njano, na ukiuliza barabara ya kwenda uwanja wa Kinnick unaambiwa fuata moshi wa nyama.

Kwa wageni, kwa kifupi: timu inapewa majaribio manne ya kusonga yadi 10. Ikifanikiwa, inapewa manne mengine. Unaweza kukimbia na mpira, au kwotabeki (mrushaji) auvurumishe kwa mpokeaji aliyekwisha kuchomoka mbele. Timu ya Chuo Kikuu cha Iowa kukimbia inajua, kuzuia inajua sana. Kurusha na kudaka ndiyo balaa.

Chukueni msimu wa 2023. Walishinda mechi 10 wakapoteza 4, na papo hapo kwa yadi za mashambulizi walishika mkia nchi nzima, kati ya timu zaidi ya 130. Aliyeongoza kwa yadi za kudaka ni Erick All: mipira 21, yadi 299. Huyo alicheza nusu msimu tu, goti likamtoa Oktoba. Na wala si mpokeaji wa pembeni, ni taiti endi, lile pandikizi la mtu linalosimama ubavuni mwa safu ya mbele, kazi yake nusu kuzuia nusu kudaka. Wenzake walikuwa na wiki kibao za kumpita kwa yadi wakashindwa.

Watu hapa mjini wanasema wapokeaji wetu hawana miguu wala mikono. Mimi nasema wanaonewa. Mpokeaji Charlie Jones mwaka 2021 alikuwa Iowa, akadaka mipira 21, yadi 323. Akahamia chuo cha Purdue, ligi ileile, mabeki walewale. Msimu wa 2022 akadaka 110, yadi 1,361. Je, alipanda basi na mikono mipya? Karibuni.

Fundi Takwimu

Mkuu, umeanza vizuri ila hapo kwa Jones umetuuzia mbuzi kwenye gunia. Purdue ya kocha Jeff Brohm ilikuwa inarusha mpira asubuhi, mchana na jioni. Halafu mrushaji wao, Aidan O'Connell, alikuwa rafiki wa Jones tangu utotoni. Mtu unayejua atakata kona wapi kabla hajakata, utampa hata ukifumba macho. Kwa hiyo ile 110 ni ya Jones, ni ya O'Connell na ni ya mfumo. Hatuwezi kumnyanyua kila mpokeaji wa Iowa kwa mgongo wa mmoja.

Na mrushaji wetu mnamruka kwa nini? Cade McNamara alikuja kutoka chuo cha Michigan na sifa zake, akaumia goti mwezi Septemba 2023. Akaingia Deacon Hill. Msimu ule chini ya nusu ya mipira yake ilifika kwa mwenzake. Alitoa pasi 5 za tachidauni (mpira kufikishwa eneo la mwisho la mpinzani), na mipira yake ikanaswa na wapinzani mara 8. Dhidi ya Wisconsin alirusha mara 14, ikadakwa 6, jumla yadi 37. Yadi 37 ni kama mita 34, jamani. Na tulishinda 15–6.

Tanga Raha

Mimi siujui huu mchezo, nimevutwa na kichwa cha habari tu. Nilidhani Iowa ni dobi.

Mkaazi wa Coralville

Tanga Raha, dobi angekuwa amefukuzwa siku nyingi.

Mama wa Ngazi ya Juu

Hamjambo wanangu. Mimi huketi kule juu kabisa, tiketi alininunulia binti yangu anayesoma hapo. Kule juu ndiko unakoona kila kitu, chini unaona migongo tu. Niwaambie nilichokiona kwa macho yangu, si cha takwimu.

Jaribio la tatu, zimebaki yadi nane. Mpokeaji wa kulia anakimbia moja kwa moja, hatua zake nazihesabu, anafika kwenye yadi ya sita anageuka kumtazama mrushaji. Ya sita! Tunahitaji nane! Beki wake wala hahangaiki, amesimama nyuma yake kama mtu anayesubiri zamu kisimani. Mpira unakuja umechelewa, unapita nyuma ya bega, kijana anajipinda, unamgonga kiganja, chini. Uwanja mzima unamzomea yeye. Lakini nani aliyemwambia ageuke kwenye sita? Njia anachorewa na kocha. Mpira ungetakiwa uwe umetoka mkononi kabla hajageuka, ili akigeuka aukute hewani. Na kule upande wa pili, mwenzake alikuwa peke yake, ananyoosha mkono kama anasimamisha daladala. Hakuna aliyemtazama.

Mimi si kocha. Ila nimelea watoto sita, najua mtoto aliyeshindwa na mtoto aliyetumwa vibaya.

Fundi Takwimu

Shikamoo mama. Hapo kwenye "aliyetumwa vibaya" sina la kujibu.

Mtoto wa Uvira

Mama amesema kistaarabu, mimi nitasema wazi. Aliyekuwa anachora hizo njia ni Brian Ferentz, mtoto wa kocha mkuu Kirk Ferentz. Baba yuko pale tangu 1999. Chuo ni cha umma, kuna kanuni ya kuzuia ndugu kumsimamia ndugu, basi kwenye karatasi Brian akawekwa chini ya mkurugenzi wa michezo na si chini ya baba yake. Kwenye karatasi! Uwanjani walikuwa kitu kimoja. Mcheza kwao hutunzwa.

Mwanzoni mwa 2023, baada ya kelele nyingi, wakamwekea sharti kwenye mkataba: timu ifikishe wastani wa pointi 25 kwa mechi na ishinde angalau mechi 7, la sivyo mkataba unaisha. Mshahara ukapunguzwa dola 50,000, akabaki na 850,000. Mnaona adhabu hiyo? Na pointi zinazofungwa na walinzi pia zilihesabiwa kwake. Pamoja na msaada wote huo, mechi 14 zikatoa pointi 216. Gawanyeni wenyewe: 15.4. Mwisho wa Oktoba, Beth Goetz, aliyekuwa akikaimu ukurugenzi, akatangaza kwamba Brian hatarudi msimu unaofuata.

Kijana wa miaka 19 mwenye mbio, aliyetazama hayo, aje Iowa kufanya nini? Tangu 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa majina na sura zao. Mpokeaji anauza namba zake. Iowa inampa namba zipi? Tyrone Tracy aliondoka kwenda Purdue, Keagan Johnson akaenda Kansas State, Arland Bruce akaenda Oklahoma State. Dirisha la uhamisho linapofunguliwa, wapokeaji wetu ndio wa kwanza kufungasha.

Mzee Kirk Hagusiki

Naona mmejipanga kumsulubu mtu aliyeshinda mechi kumi. Kumi! Kuna vyuo vinarusha mpira kama fataki za mwaka mpya na vinashinda nne.

Msiufanye huu mchezo kuwa hisabati ya yadi. Ukirusha, mambo matatu yanaweza kutokea, na mawili ni mabaya: mpira ukose mtu au unaswe. Mzee ana kocha wa ulinzi wa kuaminika, Phil Parker, ambaye mabeki wake hawapitiki. Alikuwa na Tory Taylor, kijana wa Melbourne, Australia. Jaribio la nne likifika, Taylor anaupiga mpira mguuni mpaka mpinzani anaanzia mlangoni kwake. Msimu wa 2023 alipiga mara 93, yadi 4,479, rekodi ya vyuo kwa msimu mmoja, na Chicago Bears wa ligi ya kulipwa, NFL, wakamchukua. Mashabiki walivaa fulana za kusifia mateke. Unamfungia mwenzio mlango, unasubiri akosee, unampita 10–7. Huo nao ni mpira.

Na wa kurushia alikuwa nao. Hockenson na Fant walitoka Iowa mwaka mmoja, 2019, wote wakachukuliwa raundi ya kwanza ya uchaguzi wa NFL. Kittle je? LaPorta je? Wote taiti endi. Mzee hana shida na kudaka, ana watu wake anaowaamini kudaka.

Mkaazi wa Coralville

Asante, umenisaidia kuliko ulivyokusudia. Kama taiti endi wanaotoka hapa wanakwenda kutamba NFL, basi mipira inadakika Iowa. Wanaokosa ni wa pembeni, na wanakosa kwa sababu kwenye ramani ya Mzee wa pembeni kazi yake ni kumsogeza beki apishe njia ya mkimbiaji. Anakimbia yadi 40 bila kutazamwa, mara kumi na tano, halafu mara ya kumi na sita ndiyo anatupiwa, akiukosa anaambiwa hana mikono. Jaribu kukaa benchi la wageni harusini saa nne bila hata maji, kisha uitwe ghafla utoe hotuba.

Na hiyo hesabu ya kufunga mlango inakubali mpaka ukutane na mwenye ufunguo. Fainali ya ligi 2023, Michigan 26, Iowa 0. Siku ya mwaka mpya, Tennessee 35, Iowa 0. Ukishafungwa mapema huwezi tena kusubiri mwenzio akosee. Lazima urushe, na hujafundisha mtu kurusha.

Mzee Kirk Hagusiki

Mechi mbili kati ya kumi na nne.

Mkaazi wa Coralville

Mechi mbili zilizokuwa na kombe.

Fundi Takwimu

Tatizo la hoja ya mtoto wa kocha ni mwaka 2024. Brian hayupo, kaja Tim Lester, pointi zikapanda hadi 27 na ushee kwa mechi. Watu wakashangilia. Mimi nikafungua daftari: Kaleb Johnson amekimbia yadi 1,537 na tachidauni 21 kwa miguu. Kurusha? Bado tulikuwa chini kabisa ya jedwali. McNamara akaumia tena, wakapokezana warushaji watatu. Kila mmoja mpira wake una mzunguko wake na kasi yake, mpokeaji anajifunza upya kila mwezi.

Mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida, na Nebraska, tulishinda 13–10 kwa mkwaju wa yadi 53 wa Drew Stevens. Tachidauni yetu pekee ilikuwa pasi fupi kwa Johnson, mkimbiaji, akaibeba mwenyewe yadi 72. Mpokeaji wa pembeni alichangia nini? Alikuwa anazuia njia.

Kwa hiyo mtoto aliondoka, nyumba imebaki na harufu ileile.

Mtoto wa Uvira

Hapo nakubali. Nilimpiga mawe kijana, kumbe ramani ni ya baba.

Mama wa Ngazi ya Juu

Mnamsema sana Mzee. Mwisho wa robo ya kwanza, yeye na wachezaji wake na watu wote uwanjani tunageuka kuwapungia mkono watoto walio kwenye madirisha ya hospitali jirani. Pale simlaumu mtu. Robo ya pili ikianza narudi kulaumu.

Mzee Kirk Hagusiki

Kwa msimu wa 2025 alimleta mrushaji Mark Gronowski kutoka chuo cha South Dakota State. Alikuja na makombe mawili ya daraja lake. Mpeni Mzee muda.

Fundi Takwimu

Alikuwa anaijua Kinnick huyo. Septemba 2022 alikuja na South Dakota State, Iowa ikashinda 7–3 bila tachidauni hata moja. Pointi tatu za mkwaju wa goli, nne za walinzi kumwangusha mpinzani mara mbili ndani ya eneo lake mwenyewe. Kaona vyote na bado kakubali kuja. Ama ni shujaa ama hakutazama upande wetu tukiwa na mpira.

Mama wa Ngazi ya Juu

Mimi naweka ahadi hapahapa. Mechi ya kwanza ya msimu, mpira wa kwanza wa zaidi ya yadi 20 kwa mpokeaji wa pembeni, nawaleteeni sambusa, sinia zima.

Tanga Raha

Mama, ni mpaka udakwe au hata ukirushwa tu?

Mama wa Ngazi ya Juu

Mpaka udakwe, mwanangu.

Tanga Raha

Basi usinunue unga bado.